Jinsi Nilivyokata Bomba la Mwenye Ghorofa

Muuza duka la vifaa vya ujenzi pale Tegeta aliniuliza nakata nini. Nikamjibu, "Bomba na mpira," lakini moyoni nilikuwa nakata mtu.

"Bomba la chuma au la plastiki?"

"La plastiki."

"Jipya?"

"Limekaa juani miaka miwili."

"Na mpira?"

"Ule mweusi mnene, wa kuvutia maji kwenye pampu."

Aliinua ukingo wa kofia yake akanitazama vizuri. "Dada, wewe fundi?"

"Mtoto wa fundi."

"Ahaa. Basi wewe sikudanganyi."

Akaanza kunipangia vitu mezani, kimoja kimoja, kama mtu anayetandaza vitenge. Kwanza mkasi wa bomba wenye mishikio myekundu. Akasema huo kila mtu anaukimbilia kwa sababu unakata kwa mkono mmoja, tena bila jasho, lakini plastiki iliyochomwa na jua ukiibana nao inapasuka kama ganda la yai. Nilijua. Kisha msumeno wa chuma na nyembe zake mbili, moja ya meno makubwa na moja ya meno madogo. Ya meno makubwa inakwenda upesi lakini inaing'ata plastiki na kuiachia makovu. Hilo nalo nilijua. Akanyoosha mkono kuchukua kisu chembamba kilichokuwa kimening'inia ukutani.

"Mpira usiuwekee msumeno," akasema. "Unanata, unayalewesha meno. Mpira unataka kisu hiki na maji ya sabuni. Unavuta mara moja, hurudi nyuma."

Nilitabasamu. Baba yangu alikuwa na maneno yake kuhusu mpira: ukiuonea huruma, unakukatalia.

"Au kama huna haja ya kupendeza," akaongeza huku akicheka, "chukua panga. Panga halina maswali, linakata vyote."

Ningechukua panga, hadithi hii ingekuwa fupi. Mtu mwenye chuki ya kawaida huchukua panga, akapiga mara tatu, akakimbia. Mimi nilisimama pale nikapitisha kidole juu ya meno madogo ya ule wembe wa msumeno, nikaona yamelala vizuri, nikasema, "Nipe huu, na kisu." Sikuwa na habari kwamba nimeshakosea.

Vifaa vya baba vilikuwepo nyumbani, vimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Sikuthubutu kuvigusa. Baba akifunga mkoba wake anajua ulivyokaa, na mkoba ule haukuwa umefunguliwa kwa wiki kadhaa.

Wakati huo nilikuwa napanga chumba Kawe, naandika riwaya yangu ya kwanza, nakula ugali na dagaa na kujiona mtu mkubwa. Siku chache kabla ya kwenda pale dukani, mama alinipigia simu.

"Baba yako amekaa," akasema.

"Amekaa wapi?"

"Amekaa tu. Wiki ya tatu hii."

Nilipofika Tegeta nilimkuta kwenye kiti cha plastiki uani, mikono imelala mapajani kama ya mtu anayesubiri kuitwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za Kawe, akasahau kusikiliza jibu. Mama alinieleza jikoni huku anachagua mchele.

Msikiti wetu una bomba la zamani linalotoka kwenye tangi hadi mahali pa kuchukulia udhu. Linavuja kila hatua, watu wanatawadha katikati ya matope. Kwenye kikao cha mtaa baba alisimama akasema atalibadilisha lote, kwa thawabu. Watu wakamwombea dua papo hapo. Ndipo akasimama jirani yetu, mwenye nyumba ya ghorofa inayotazamana na yetu. Baba ndiye aliyeiwekea mabomba nyumba ile.

"Msikiti asipewe huyu," akasema. "Mie nimempa nyumba yangu, sasa maji yanatoka kila kiungo. Mkono unatetemeka. Anakata bomba kama mwenye njaa anayekata muhogo wa futari!"

Kikao kizima kikacheka.

"Na baba?" nikamuuliza mama.

Mama aliokota jiwe kwenye mchele, akalitupa dirishani. "Alicheka nao."

Hapo ndipo kitu kiliponikaa rohoni. Angegombana, ningemwonea fahari, nikarudi zangu Kawe. Lakini nilimwona, kwa macho ya mawazo, mtu wa miaka sitini anacheka pamoja na wanaomcheka ili wasigundue wamempata wapi. Nilijua pia kisa cha mabomba yale. Baba alimwandikia mwenye ghorofa aina ya bomba la kununua, zito, la ukuta mnene. Yeye akaja na mabomba membamba ambayo ukiyabonyeza kwa kidole gumba yanaitikia. Baba akamwambia haya yatatusumbua. Akajibiwa, "Wewe funga tu, fundi." Akafunga. Sasa tangu kikao kile hakuna aliyebisha hodi kumwita kazini, na mtu asiyeitwa huanza kuamini kuna sababu.

Kwa siku nne nilimsikiliza mwenye ghorofa akikohoa ng'ambo ya ukuta. Nilikichukia kikohozi chake. Nilichukia taa zake za barazani, na viatu vyake vyeupe vya Ijumaa. Jumapili ilikuwa siku yake kubwa, wageni wa posa wangekuja kumwona binti yake saa saba mchana. Na kila Jumamosi, bila kukosa, alikwenda shambani kwake Kimbiji asubuhi akarudi jioni, huku familia yake ikijifungia ndani na televisheni.

Bomba lake kuu lilipita nje ya ukuta wake, kwenye kichochoro kati ya nyumba zetu. Alikuwa amekataa kuvunjiwa sakafu ya vigae vya uani, akamwamuru baba alipitishe nje. Pampu nayo ilikuwa hukohuko, kwenye kibanda kidogo cha matofali kisicho na mlango. Kiburi chake ndicho kilichoniwekea kila kitu mkononi.

Jumamosi, adhuhuri, jua limesimama wima na kichochoro hakina hata kuku. Nilipiga magoti. Kitu cha kwanza nilichofanya, na leo nikikumbuka nacheka peke yangu, ni kufunga koki ya tangi, iliyokuwa palepale ukutani. Fundi hakati bomba lenye maji. Nilikuja kumharibia mtu nyumba yake na bado sikutaka maji yamwagike bure.

Kisha nikachana ukurasa wa daftari, nikauviringisha kwenye bomba mpaka kingo zake zikakutana sawasawa, nikapiga mstari wa penseli kuuzunguka. Ndivyo baba anavyofanya ili mkato usiende upande. Nikaweka msumeno juu ya mstari, nikaanza taratibu, bila kukandamiza, nikiacha meno madogo yafanye kazi yao. Unga mweupe wa plastiki ulianguka juu ya kanga yangu. Nilikata sehemu mbili, nikatoa kipande cha shubiri nzima ili asiweze kuunga kwa kuvuta tu. Halafu nikachukua kisu, nikakwangua ndani ya mdomo wa bomba kutoa vinyuzi, nikapunguza na ukingo wa nje kidogo, kama inavyopaswa bomba linalosubiri gundi. Kwa nini? Nani angetia gundi? Mkono ulikuwa unajua kazi yake, na hasira haikujua kuuzuia.

Mpira wa pampu niliupaka maji ya sabuni, nikaushika kwa nguvu, nikavuta kisu mara moja. Ulifunguka kimya, mweusi ndani na nje. Siwezi kuipa furaha ile jina la heshima. Ilipanda kutoka miguuni. Nilijisemea: haya sasa, kacheke. Wageni wako wanawe kwa mate.

Jioni nilikula wali bakuli mbili.

Alfajiri ya Jumapili sauti ya mwenye ghorofa iliamsha mtaa. Jana yake alirudi jioni, akachota maji ya ndoo, akadhani umeme wa pampu umekorofisha. Asubuhi ndipo alipoingia kichochoroni akaona. Kufika saa mbili, dada zake walikuwa wamepanga ndoo mlangoni kwetu, sufuria za pilau zimekaa wazi zinawasubiri.

"Maji yapo, jamani," mama akawaambia kwa sauti tamu sana. "Chukueni. Sie bomba letu alifunga mwenye mkono wa kutetemeka, lakini linatoka."

Mmoja wao aliinamisha kichwa. Nami, Mungu anisamehe, nililinywa lile neno kama chai.

Mwenye ghorofa alikuwa amemwita mama mjumbe, mama mnene mwenye kanga mbili na mswaki mdomoni, ambaye hukata kesi zote za mtaa wetu kabla hazijafika polisi. Kisha akatuma mtu amwite baba. Baba akavaa shati, akaenda. Nami nikafuata.

Kichochoro kilikuwa kimejaa. Baba alichuchumaa, akalitazama bomba. Akapitisha kidole gumba juu ya ukingo, polepole, mzunguko mzima. Akaingiza kidole ndani, akagusa mahali nilipokwangua. Akaitazama koki iliyofungwa. Hakugeuka kunitazama. Ndipo nilipojua kwamba anajua. Kidole chake kilikuwa kimesoma mkato ule kama anavyosoma sura anayoijua kwa moyo, maana yeye ndiye aliyenisomesha.

Lakini si yeye peke yake aliyekuwa na macho.

"Mama mjumbe, tazama!" mwenye ghorofa alifoka. "Mtu wa kawaida hakati hivi. Mwizi angepiga panga. Huyu kafunga koki kwanza! Kapiga kisu ndani, kapiga kisu nje. Limenyooka kama limetoka kiwandani. Tegeta nzima anayekata bomba namna hii ni nani? Si huyu? Huu mkato ni wake, naujua!"

Mama mjumbe alitoa mswaki mdomoni.

"Ngoja kwanza, mwenye nyumba. Rudia hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo pa kunyooka."

"Nimesema limenyooka, ndiyo. Kama la kiwandani."

"Na ni mkono wa huyu?"

"Wa huyu huyu!"

"Mie si niliketi kwenye kikao?" mama mjumbe akauliza, akiwageukia watu kana kwamba amejisahau. "Au niliota? Si ulituambia mkono wake unatetemeka? Muhogo wa futari, ulisema. Mie nilicheka mpaka nikakohoa."

Kicheko kilianzia kwa kina mama wenye ndoo, kikapita mstari mzima hadi mdomoni mwa kichochoro. Nilimtazama mwenye ghorofa uso ukimvimba. Nilitamani asipate neno kwa mwaka mzima.

Baba alisimama, akajipangusa magoti.

"Mie sibishani na wewe, mzee mwenzangu. Chagua moja tu. Mkono wangu unatetemeka, basi kamtafute mwenye mkato huu, mie nirudi nikanywe chai. Au mkato huu ni wangu, basi kwenye kikao ulinisingizia. Moja tu. Chagua."

"Wageni wangu saa saba," mwenye ghorofa akasema, kana kwamba ndilo jibu.

"Chagua."

"Labda..." Alitazama ukuta, akatazama juu. "Labda panya."

"Panya!" Mama mjumbe alipiga makofi. "Panya kafunga koki, kapima, kakata! Jamani, mkimwona huyo panya mniletee, koki yangu inavuja mwaka wa pili."

Hapo hata wajomba wa mwenye ghorofa walicheka. Yeye alisubiri kicheko kipite, kikawa hakipiti. Akasogea karibu na baba, akashusha sauti. "Fundi, nakuomba. Nifungie. Wageni wanakuja."

"Kwa mkono upi?"

"Aa, fundi."

"Mkono si unatetemeka?"

"Hautetemeki."

"Waambie hao, mie nimeshasikia."

Akageuka. Alikuwa mrefu, lakini asubuhi ile alinifika begani. "Mkono wa fundi hautetemeki," akawaambia watu.

"Sauti!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Hautetemeki!"

Kama ningekufa dakika ile ningekufa nimeshiba.

Baba akaniambia, "Kalete mkoba." Nilikimbia nikautoa msumarini, nikarudi. Watu hawakuondoka, walitaka kuona kazi. Baba alichuchumaa na kuwapa mgongo, mgongo wake mpana wa shati la kijivu, akanivuta nikae mbele yake, kati yake na ukuta. Alianza kwa kung'oa kiungo cha zamani kilichokuwa karibu na mkato wangu, kile kilichokuwa kikivuja tangu mwaka wa kwanza. Kikatoka. Nikaona ndani yake.

Bomba lilikuwa jembamba, ndiyo. Lakini mkato wa baba mle ndani ulikuwa umekwenda upande. Upande mmoja ulifika mwisho wa kiungo, upande wa pili ulibaki na pengo la kuingia kidole. Hakuna gundi inayoziba pengo lile. Hata bomba nene lingevuja.

Baba alikitia kile kiungo mkobani, akakifunika kwa kitambaa. Aliona kwamba nimeona. Kisha akauinua msumeno na kuuweka juu ya bomba jipya, nami nikautazama mkono wake kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Ncha ya msumeno ilikuwa ikigonga plastiki, tik, tik, tik, kwa sauti ndogo ambayo sisi wawili tu tuliisikia.

"Shika," akanong'ona.

Nikaushika. Yeye akashika bomba kwa mikono yote miwili, akaanza kutikisa mabega mbele na nyuma, mbele na nyuma, sawa na mwendo wa msumeno wangu. Waliosimama nyuma waliona mabega ya fundi yakifanya kazi.

"Uone mkono huo!" mama mjumbe akasema. "Unatetemeka wapi?"

Nilikata. Nilifunga kwa mikono yangu kila nilichokuwa nimekikata kwa mikono yangu. Nilipokuwa nakwangua ukingo baba aliinamisha kichwa karibu na sikio langu.

"Ulinunua meno madogo?"

"Ndiyo."

"Umefanya vizuri."

Hakuna siku aliyoniuliza jambo jingine kuhusu kisa kile. Saa sita maji yalipanda kwenye tangi la mwenye ghorofa, na saa saba wageni wa posa walinawa.

Nimeulizana na nafsi yangu mara nyingi. Mwenye ghorofa alisema kweli. Mkono wa baba ulikuwa unatetemeka, na kiungo kilivuja kwa sababu hiyo pamoja na bomba baya alilolinunua mwenyewe. Nimeuweka ukweli huo kwenye mizani ya moyo mara nyingi, nikingoja unipunguzie kitu. Haujanipunguzia. Angeweza kuja mlangoni kwetu, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasema, fundi, nina wasiwasi na mkono wako. Alichagua kikao, akachagua muhogo, akangoja watu wacheke. Mtu anayetumia ukweli kama kiwembe asishangae akikatwa kwa uongo.

Ijumaa iliyofuata uongozi wa msikiti ulibisha hodi. Baba alikubali ile kazi ya bomba la udhu, kwa sharti moja. "Mie napima, mwanangu anakata," akawaambia. "Nataka ajifunze kabla sijazeeka." Wakasema mashaallah, fundi anarithisha. Tulifanya kazi siku tatu, baba kwa penseli na karatasi, mimi kwa msumeno, naye akinikemea kwa sauti ya juu kila mtu alipopita: "Taratibu! Usilikandamize! Acha meno yafanye kazi!" Akawa mtu wa kuitwa tena, Tegeta na hata nje ya Tegeta. Akiitwa, mimi huacha daftari langu Kawe na kwenda naye.

Ninayaandika haya kwa idhini yake. Sasa amestaafu kweli, mkono hauwezi tena kubeba kikombe kilichojaa, na hakuna wa kumcheka. Nilipomwomba ruhusa alifikiri kidogo, akasema, "Andika. Ila usitaje jina la mtu, yule bado jirani."

Ndiyo, bado jirani. Ijumaa nikiwa nyumbani, mimi husimama dirishani panapoonekana msikiti, wakati wa adhana. Mwenye ghorofa anavuka barabara na viatu vyake vyeupe, anakunja suruali, anainama pale penye koki za udhu. Kuanzia kwenye tangi hadi kiganjani mwake, maji yanapita katika mikato thelathini na minne, yote yangu. Anasukutua, ananawa uso, anaosha miguu hadi vifundoni. Chini pakavu. Hutazama chini kila mara, nami nangoja atazame, kisha ndipo nafunga dirisha.